Galaxy Tab S6 Lite kwa kufundishia skechi: nunua, ila zima vitu vingi kwanza

Wadau wa usanifu na ubunifu, hasa mnaofundisha studio (madarasa ya kuchora na kubuni) za mwaka wa kwanza, na nyie wazazi mnaoombwa kila wiki tableti ya kuchorea, hii naandika kwa kirefu kidogo kuhusu Samsung Galaxy Tab S6 Lite kwa sababu ndo naiona sana mikononi mwa wanafunzi wa usanifu majengo na wa interia hapa Dar, na ndo ninayotumia mwenyewe kufundishia skechi za mkono, yani bila rula bila nini. Mwenye haraka nampa jibu hapahapa: nunua, kwa hela yake sijaona ya kuizidi. Ila ukimkabidhi kijana wa mwaka wa kwanza ikiwa na kila kitu kimewashwa kama ilivyotoka dukani, muhula utaisha ana michoro mizuri ya kupost na mkono wake ni uleule aliokuja nao, na hilo ndo linaloniuma.

Tuanze na kalamu maana ndo roho ya kitu chenyewe. S Pen inakuja ndani ya boksi, hulipii pembeni, haina betri wala haichajiwi, nguvu inaipata kwenye skrini yenyewe kwa sumakuumeme, teknolojia ileile ya Wacom, kampuni ya vibao vya kuchorea, kwahiyo hakuna siku mwanafunzi atakwambia ticha kalamu imezima. Inasoma ngazi 4096 za mkandamizo, sema hiyo namba isikubabaishe, cha muhimu ni kwamba ukikandamiza mstari unanenepa na kukolea, ukilegeza unafifia, na kwenye skechi hiyo ndo habari yote: mstari wa kutafuta unapita kwa wepesi, mstari ulioamuliwa unapita na uzito wake. Mwanafunzi anayechora kila kitu kwa uzito mmoja ujue bado hajaamua kipi kiko mbele kipi kiko nyuma. Ncha yake ina ulaini flani kwahiyo haitelezi sana kwenye kioo, na ukiweka protekta ya mati ile yenye mkwaruzo kama karatasi raha inaongezeka, ila ncha inaisha mapema na skrini inafifia kidogo. Mi naona bora hivyo kuliko kioo kitupu, ncha zenyewe zinabadilishwa.

Kwenye kalamu ndo watu wanapigwa, kwahiyo hapa someni taratibu. Kuna binti wa darasani kwangu aliuziwa tableti dukani (duka silitaji) akaambiwa "inakuja na kalamu yake", amefika studio kalamu yenyewe ni ile ya ncha ya mpira inayofanya kazi ya kidole tu, haijui umekandamiza au umegusa, na ukilaza kiganja skrini inachora na kiganja. Hela imeenda na muhula umeanza. Kwahiyo kabla hujatoa hela dukani fungua programu yoyote ya kuandikia, laza kiganja kwenye skrini kama unavyolaza kwenye daftari, halafu vuta mstari mmoja mrefu ukianza kwa kugusa kidogo na kumalizia kwa kukandamiza. Usipoona mstari unabadilika unene, au ukaona madoa pale kiganja kilipokaa, mrudishie muuzaji. Hata wa iPad muwe macho, kule kalamu inauzwa peke yake na kuna Apple Pencil ya USB-C iliyotoka 2023 ambayo haisomi mkandamizo kabisa, kwa kuandika notsi ni safi lakini kwa skechi umenunua nusu ya kalamu. Mwenye uwezo wa iPad na Pencil inayosoma mkandamizo anunue, ni kifaa kizuri sana na programu ya Procreate iko kule tu, unalipa mara moja basi. Mi naongelea mwanafunzi wa kawaida ambaye bumu lake linagawanywa kwenye kodi ya chumba, chakula na printi. Niliyoinunua mimi haikufika milioni, kalamu ndani, na matoleo yapo matatu, la 2020, la 2022 na la 2024, skrini na kalamu kwa kazi yetu ni yaleyale, kilichobadilika zaidi ni prosesa, kwahiyo ukipata la 2022 kwa bei nzuri usilie kwamba umekosa la mwisho.

Sasa ukubwa. Skrini ni inchi 10.4, ukiipima kwa rula ni kama sentimita 22 kwa 13 na kitu, yani karibu sawa na karatasi ya A5. Nataka mwalimu yeyote anayesoma hapa asimame kidogo kwenye hilo, kwa sababu sisi mwaka wa kwanza tunawaanzisha kwenye A3 na A2 kwa makusudi, tunataka mstari utoke begani, mkono mzima uende, kifundo cha mkono kitulie. Kwenye A5 bega halina kazi, kijana anachora kwa vidole na kifundo, mstari unatoka mfupimfupi wenye manyoya, kipande hiki, kipande kile, ameunganishaunganisha. Tableti haina kosa hapo, ndo ukubwa wake, ila ukiifanya iwe ndo kifaa chake cha kwanza na cha pekee utamlea mchoraji wa vidole. Msimamo wangu ni kwamba wiki za mwanzo ni karatasi kubwa, penseli laini ya 2B na kalamu ya wino, kujaza ukurasa kwa mistari sambamba, duara zilizolala, maboksi ya nukta mbili (yale ambayo mistari ya pande inakimbilia nukta mbili kwenye upeo wa macho), mpaka mkono upate adabu, ndo tableti inaingia.

Na ikiingia, zumu ndo adui namba moja. Nawapa mfano wa zoezi ninalolipenda, paa la Soko Kuu la Kariakoo alilosanifu Beda Amuli miaka ya 70, zile nguzo za zege zinazopanda na kufunguka juu kama mwavuli. Nachukua nguzo moja tu na mwavuli wake, naweka picha, nasema chora kwa mkono. Wa kwenye karatasi anaanza na boksi jepesi, anatafuta upeo wa macho, anaweka mhimili katikati, pembe nne za juu anazipima kwa jicho, mchoro unatoka umechafuka lakini mwavuli umekaa juu ya nguzo. Wa kwenye tableti anavuta vidole viwili, anazumu kwenye ukingo mmoja wa paa, anauchora ukingo huo vizuriii, umenyooka, umepambwa, anahamia ukingo wa pili, wa tatu. Akirudisha mchoro mzima kwenye skrini mwavuli umeelekea kwake na nguzo imeelekea kwake. Hajakosea mstari hata mmoja na mchoro wote hauko sawa, kwa sababu muda wote alikuwa anaangalia kipande, uwiano hauonekani kwenye kipande. Kwahiyo sheria ya studio kwangu: mchoro unajaa skrini, vidole viwili havigusi kioo mpaka maumbo makubwa yote yakae, ukishamaliza hapo ndo uzumu kwa ajili ya undani. Wanalalamika mwanzoni, baadae unaona wenyewe wanaambiana.

Cha pili cha kuzima ni kunyoosha mistari. Nikisema programu, wengi wanaanza na Sketchbook, ile iliyokuwa ya Autodesk, waliifanya ya bure kwa watu wote 2018 na kuanzia 2021 iko chini ya kampuni yake yenyewe, ni nyepesi, haikujazii skrini na mavitufe, kwa skechi ya haraka naipa alama za juu kabisa. Lakini ina kipengele cha kubashiri mstari, ukivuta mstari uliopinda kidogo inakunyooshea, ukizungusha duara bovu inakupa duara safi. Kwa mtu wa ofisini anayemwonyesha mteja wazo sina neno. Kwa mwanafunzi ni hasara, kwa sababu mkono haupati majibu ya ukweli, umepinda halafu unaambiwa umenyooka, sasa utajirekebisha kwa lipi? Na hii tabia ya kompyuta ni ya tangu zamani, hata Sketchpad ya Ivan Sutherland kule chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963, ambayo ndo mama wa hizi zote, mtu alichora kwa kalamu ya mwanga kwenye skrini na mashine ikamnyooshea mistari, ikaifanya sambamba, ikaunganisha pembe. Ilikuwa kazi kubwa sana na michoro yote ya kikompyuta tunayofanya leo imepita njia hiyo, lakini ile ni njia ya mchoro uliokwisha kuamuliwa. Skechi ni ya kabla ya kuamua. Mstari unaotetemeka kidogo unamwambia mwenyewe na mwalimu wake kwamba hapa bado panatafutwa, ukiunyoosha mapema umefunga mlango ambao ulitakiwa ubaki wazi mpaka wiki ya pili ya projekti.

La tatu ndo gumu zaidi, kile kitufe cha kurudisha nyuma. Nimewaangalia sana vijana wanavyochora na hiki kitu: mstari, futa, mstari, futa, mstari, futa, mkono wa kushoto umekaa tayari kwenye kitufe kabla hata mstari haujafika mwisho. Kwenye karatasi ukikosea mstari unabaki, unachora mwingine pembeni yake, na jicho linaona ule wa kwanza umeenda juu mno, huu umekaribia, wa tatu unakaa penyewe. Ule uliokosewa ndo unaomfundisha wa pili. Ukiufuta papohapo kila jaribio linakuwa la kwanza. Donald Schön, yule wa MIT aliyechunguza jinsi mwalimu wa studio ya usanifu na mwanafunzi wake wanavyofanya kazi juu ya mchoro, alielezea kubuni kama mazungumzo, unachora kitu halafu mchoro unakujibu kitu ambacho hukukitegemea, na wewe unaendelea kutokea hapo. Sasa mazungumzo gani hayo kama kila mwenzio akifungua mdomo unamfuta?

Programu nyingi hazikupi namna ya kukizima hicho kitufe moja kwa moja, kwahiyo mi natumia kurekodi skrini, ukishusha pale juu kwenye Samsung utakikuta, mwanafunzi anarekodi zoezi zima kuanzia skrini nyeupe na anakabidhi video pamoja na mchoro. Hapa ndo naisifia tableti bila kubakiza, kwa sababu kitu hiki karatasi haijawahi kunipa. Zamani naletewa shiti imekamilika, nakisia tu alianzia wapi. Sasa hivi naiendesha video kwa kasi tunakaa nae tunaangalia, naona alianza na dirisha badala ya ukuta, naona alikaa muda mrefu kwenye kona moja akiogopa, naona pale alipopata wazo na mkono ukabadilika ukawa mwepesi. Marekebisho yangu yanagusa namna anavyofikiri, sio mchoro uliokwisha. Kuna kijana mmoja mkimya hasemi kitu kwenye juri (pale wanapotetea kazi mbele ya walimu), video yake ilionyesha amejaribu ngazi sehemu nne tofauti kwenye plani (mchoro wa jengo ukilitazama kutoka juu) na kila sehemu ilikuwa na sababu, kwenye shiti ya mwisho ilibaki moja tu na tungesema hajahangaika. Alipewa alama zake.

Na hapo nimefika kwenye leya, yani tabaka za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine, na hii peke yake inatosha kununulia tableti. Anayejua tresingi pepa anajua, unatandika karatasi inayoonyesha chini juu ya plani yako, unachora upya ukibadilisha kitu kimoja, unatandika nyingine, unatandika nyingine, hivyo ndo wasanifu wanavyofikiri miaka yote. Tatizo roli linaisha, na mwanafunzi akishaanza kubana karatasi anabana na mawazo, anaanza kubembeleza wazo la kwanza kwa sababu amechoka kununua. Kwenye tableti leya mpya ni bure. Unafifisha ya chini ibaki kama kivuli, unaongeza juu, unahamisha jiko upande wa upepo, huipendi, unazima leya unaanza nyingine, zote zipo na unaweza kuzirudia. Kwa zoezi la plani ya nyumba ndogo nawataka walete leya zisizopungua sita na wasifute hata moja, halafu tunaziwasha mojamoja kwenye ukuta kwa projekta. Mimi nikirekebisha naongeza leya yangu nyekundu juu, yeye akitaka kuona kazi yake bila makelele yangu anaizima. Nakumbuka enzi zetu lekchara alikuwa anachora na makapeni nyeusi juu ya shiti uliyokesha nayo, hakuna wa kumuuliza.

Kwa kazi hii ya leya za plani kuna Concepts, ya TopHatch, hiyo karatasi yake haina mwisho, unachora tu inaendelea, mistari ni ya vekta, yani kila mstari unabaki kitu kinachojitegemea, kwahiyo unaweza kuishika na kuisogeza baadae, na unaweza kuweka skeli halisi ukachora kwa mkono huku unajua chumba ni mita tatu na nusu. Kuanza ni bure, vingine unalipia. Naipenda kwa mwaka wa pili na kuendelea. Kwa wa kwanza karatasi isiyo na mwisho siipendekezi, kijana anatakiwa ajifunze kupanga mchoro ndani ya ukurasa wenye kingo. Krita nayo ipo, bure kabisa na chanzo chake wazi, kwenye laptopu ni mzuka, ila kwa tableti yenye RAM (memori ya kufanyia kazi) ya GB 4 utaanza kuona mstari unachelewa nyuma ya kalamu ukiwa na turubai (ukurasa wa kuchorea) kubwa na leya nyingi. Hata Sketchbook ukiweka turubai kubwa inakupunguzia idadi ya leya, kwahiyo usitumie ukubwa kuliko utakaoprinti.

Nje sasa. Tulienda Zanzibar na darasa kuchora Mji Mkongwe, milango, baraza, vibaraza vya mbao vya ghorofani, na lile jengo la Beit al-Ajaib la 1883 ambalo sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Juani skrini inakataa, mwanga wake hautoshi kushindana na saa sita ya pwani, unajiona sura yako mwenyewe kwenye kioo. Kwenye vichochoro vyenye kivuli inafanya kazi vizuri tu na kijana mmoja alikaa mbele ya mlango wa kuchonga akapiga picha, akaiweka leya ya chini, akaanza kufuatisha mistari juu yake. Nikamwambia zima picha. Kufuatisha picha kunafundisha kalamu, hakufundishi jicho, na mlango uko mbele yako mzima, una kina, una vivuli vinavyosogea, kwanini uangalie bapa lake? Akazima, akachora upya kwa kuangalia, ule wa pili ulikuwa umepinda na ulikuwa bora mara kumi, unaona kabisa ule mnyororo wa nakshi pembeni ya fremu aliuelewa unavyozunguka kona. Kwahiyo safari za nje mi nasema daftari kwanza, tableti ibaki kwenye begi kwa ajili ya jioni mkirudi mnapoanza kuunganisha skechi na plani.

Vitu vidogovidogo vya kujua kabla ya kununua: kalamu inakaa ubavuni kwa sumaku, haina tundu la kuingia ndani, na kwenye begi la kugombania daladala itachomoka, nunua kava lenye mfuko wa kalamu siku hiyohiyo usisubiri. Betri ni mAh 7040, siku ya studio inamaliza kama hujaweka mwanga wa juu kabisa, na siku umeme umekatika ndo utaipenda. Chukua na kadi ya memori maana video za kurekodi zinajaza haraka. Na mkitumiana skechi WhatsApp tumeni kama dokyumenti msitume kama picha, inaminywa na cha kwanza kupotea ni ile mistari myepesi ya kutafuta, mwalimu anaona mchoro mkavu kumbe ulikuwa na uhai.

Asiyeihitaji: mwenye laptopu nzuri tayari na hela ndogo anaweza kuanza na kibao cha kuchorea kisicho na skrini, kama One by Wacom, ila ajue mkono unakuwa mezani na macho yako kwenye skrini, kwa skechi huo utengano unachukua muda kuzoeleka na wengi wanakata tamaa njiani. Na vyuo ambavyo bajeti ni ya kubana, msiwalazimishe wanafunzi wote wanunue. Nunueni chache zikae studio, zizunguke kwa vikundi kwenye zoezi la leya na la kurekodi maana ndo kazi ambazo karatasi haiziwezi, halafu hela inayobaki iende kwenye A3 na tresingi za kutosha darasa zima.